Tairi za Dena

Kahonzi wa Dena alikuwa mtu wa maswali, na kama hujawahi kuishi na mtu wa maswali, mshukuru Mungu kwanza, kisha unisikilize. Alikuwa akimsimamisha muuza pweza njiani amuulize kwa nini pweza hana mfupa, na muuza pweza akishindwa kujibu, Kahonzi huinama akamtazama pweza mwenyewe kana kwamba sasa zamu ni yake. Mumewe Dena alikuwa mtu wa maneno machache. Aliishi naye miaka thelathini na moja akimjibu "labda" na "huenda", na wakaelewana kuliko wengi wanaozungumza kutwa kucha. Dena alifariki mwaka wa themanini na tatu, na tangu hapo maswali ya Kahonzi yaliwaangukia kuku.

Mwaka huu ninaousema ulikuwa wa themanini na tano, na swali lililomkaa Kahonzi kooni lilikuwa moja tu: nyumba yake itafikaje Mambrui?

Nyumba yenyewe ilikuwa karavani. Usiyeijua karavani, ni kijumba cha bati jeupe chenye madirisha mawili, mlango mmoja, kitanda cha kukunja na jiko dogo la gesi, nacho kimekaa juu ya magurudumu mawili. Injini hakina. Hufungwa nyuma ya gari kikavutwa, na mwenyewe akifika anakotaka analala ndani. Mzungu mmoja, mwalimu aliyestaafu, aliivuta kutoka Mombasa mwaka wa sabini na sita ikiwa na tairi mpya kabisa, akaiegesha kwenye kiwanja chake hapa Kikambala, akamwachia Dena ailinde, akasema anarudi baada ya miezi mitatu. Hakurudi. Miaka mitano baadaye ilikuja barua: amezeeka, macho yamemwisha, karavani ni ya Dena, ahsante kwa kazi. Dena aliikunja barua ile akaitia ndani ya kopo la majani ya chai. "Siku moja nitakuvusha Kilifi ukiwa na nyumba yako," akamwambia mkewe. Hiyo ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kumwambia, na Kahonzi hakuisahau.

Sasa kiwanja kilikuwa kimeuzwa. Mwenye kiwanja mpya alikuja akamwamkia Kahonzi vizuri, akamwambia kwamba kibanda cha mlinzi alichokuwa akilala kitabomolewa, na kwamba kitakachobaki kiwanjani baada ya Jumamosi kitasukumwa shimoni pamoja na visiki. Adabu nyingi, lakini shimo ni shimo. Kaka yake Kahonzi kule Mambrui alikuwa amempa nafasi kando ya barabara. Angeiweka karavani pale, akaange mahamri, apike mbaazi, na kupitishia sahani dirishani. Dirisha alishalipima kwa mkono, sahani inapita. Karavani isipofika, angefika yeye na kitita chake cha nguo, akae jikoni kwa wifi yake. Na wifi yake, nikwambie, alikuwa mtu wa kuhesabu vijiko kila baada ya chakula.

Aliyekubali kuivuta alikuwa Gitau, mtu wa bara aliyeteremka pwani na viazi akasahau kurudi. Siku hizo alikaa Malindi, na lori lake dogo lilikwenda Mombasa limejaa maembe na kurudi tupu. Kahonzi alimpenda kwa sababu aliyajibu maswali yake yote, hata yale asiyoyajua majibu.

Alhamisi asubuhi Gitau alisimamisha lori, akaizunguka karavani mara mbili, akaigusa tairi kwa ncha ya kiatu.

"Shikamoo mama. Nyumba ni nzuri," akasema. "Tairi ndizo sizitaki."

"Marahaba. Tairi gani hizo usizozitaka? Hizi?"

"Hizo."

Kahonzi alikasirika. Angemwambia bati limepauka, angekubali. Angemwambia mlango unalia, ungelia hapo hapo kushuhudia. Lakini tairi! Tairi ndicho kitu kilichotunzwa kuliko vyote kwenye kiwanja kile, na pengine kuliko Kahonzi mwenyewe. Kila Jumapili ya Mungu, tangu karavani ilipofika hadi Jumapili ya mwisho ya uhai wake, Dena alikuwa akichuchumaa hapo na kipande cha kanga kuukuu na mafuta ya nazi, anazipaka, anazisugua, mpaka zinang'aa. Mafuta yenyewe aliyatengeneza Kahonzi kwa mkono wake, kukuna, kukamua, kuchemsha. Na zilikuwa bado zina meno yote, marefu, na kando ya meno vile vinywele vya mpira ambavyo tairi huja navyo kutoka kiwandani.

"Tazama," akamwambia Gitau, akiinama. "Zina nywele bado. Umeona wapi kizee mwenye nywele za mtoto?"

"Meno nayaona mama, na nywele naziona. Mimi ninauliza umri. Tairi huzeeka hata ikiwa imelala."

"Mtu hujuaje umri wa tairi?"

Hapo ndipo hasira ilipomtoka Kahonzi, maana alikuwa amepata swali.

"Mimi ni mtu wa viazi," Gitau akasema. "Ungeniuliza umri wa kiazi ningekwambia. Lakini niliwahi kuona tairi nzuri kama hizi ikipasuka karibu na Takaungu. Nyumba ililala ubavu, ikaburutwa mpaka ukuta ukaisha. Na sisi tuna feri ya Kilifi mbele yetu, tuna ule mteremko wa kuingilia na ule mlima wa kutokea. Nyumba ni yako. Ukisema tuvute na hizi nitavuta, nitakwenda polepole na nitaomba Mungu. Ila baadaye usiniulize maswali."

Kumkataza Kahonzi maswali ni kumkataza kupumua. Alifikiri kidogo, akasema, "Yuko nani anayejua?"

Gitau alitia jeki, akaikalisha karavani juu ya mawe upande mmoja, akafungua gurudumu na kulitupa nyuma ya lori. Wakaenda Majengo, sokoni.

Pale Majengo, chini ya paa moja la makuti, walikaa watu wawili walioishi kwa tairi. Wa kwanza alikuwa Ochola, fundi wa pancha, bonge la mtu mwenye sauti ya kwaya, aliyeziba mipira na kuuza tairi kuukuu. Wa pili alikuwa Gona, mkata makatambuga, vile viatu vya mpira wa gari ambavyo watu wa bara huviita akala. Tairi iliyomshinda Ochola kuuza, Gona aliichukua akaikata viatu. Alikaa juu ya kreti, mbele yake gogo, kisu kifupi na ndoo ya maji. Alikuwa Mgiriama mwembamba, mtaratibu, na macho yake hayakutoka kwenye kazi.

"Maji ni ya nini?" Kahonzi akauliza, hata kabla ya kuketi.

"Mpira hukigandia kisu, mayo," Gona akasema, akimwita mama kwa Kigiriama. "Maji hukiachisha."

"Na hizi nywele za tairi ni za nini?"

Gona akainua macho. Inaonekana miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza. "Tairi huokwa ndani ya chuma, kama mkate. Chuma kina vitundu vya kutolea hewa. Mpira ukiwa laini huingia humo, ukipoa ndiyo nywele."

Kahonzi akatabasamu. Alivuta kigoda akakaa karibu, na Gitau, aliyekuwa na haraka zake, akaona kwamba haraka zake zimekwisha.

Gitau akaeleza shida yao: nyumba, feri, Jumamosi. Gona akasikiliza, akaweka kisu chini.

"Mimi tairi ya kununua sikuchagulii," akasema, na Ochola akiwa hapo hapo anasikia. "Nimekaa chini ya paa la Ochola huu mwaka wa saba. Mtu haharibu biashara ya jirani yake. Ila ukiniuliza swali, nitakujibu. Swali ni la mwenye kuuliza."

"Haki kabisa," Ochola akasema kwa sauti yake ya kwaya. Maskini, hakujua amekubali nini.

"Basi la kwanza," Kahonzi akasema, na akaonyesha gurudumu la Dena. "Hii ni nzima au si nzima?"

Ochola aliitoa tairi kwenye rimu kwa vyuma vyake viwili, akampa Gona. Gona aliibana kwa magoti, akaukunja ubavu wa tairi kwa vidole gumba. Weusi ule unaong'aa ukafunguka. Ndani yake ilikuwepo mipasuko, myembamba, mingi, mmoja kando ya mwingine, kama kisigino cha mtu aliyetembea kiangazi kizima bila viatu. Akaukunja mahali pengine, ikawa vile vile. Akasugua kidole, akakinusa.

"Hii ilikuwa ikipakwa kitu."

"Mafuta ya nazi," Kahonzi akasema, kifua mbele. "Kila Jumapili. Ya kwangu mwenyewe, safi."

"Na kingine."

Kahonzi akaanza kuufunga upya upindo wa leso yake.

"Mafuta taa," Gona akasema.

Alijua, Kahonzi. Mwaka wa pili wa karavani alikuwa akiweka sukari yake mle ndani, kwa sababu kibandani kulikuwa na panya. Mafuta ya nazi yakaita sisimizi, sisimizi wakapanda kwenye tairi, wakafuata bati mpaka kwenye sukari. Ni yeye aliyemwambia Dena, "Tia tone la mafuta taa humo kwenye mafuta yako, sisimizi hawayawezi." Dena akasema, "Labda." Jumapili iliyofuata akatia, na sisimizi hawakurudi tena.

"Mafuta taa huufanya nini mpira?" akauliza, sauti imeteremka.

"Huula. Polepole, huoni. Na ya nazi huulegeza. Ngozi ya mtu ikinywa mafuta hupona, mayo. Mpira ukinywa mafuta hulewa."

"Huenda unakosea."

"Huenda," Gona akasema.

Neno lile lilimchoma. Lilikuwa neno la Dena, lililosemwa vile vile bila kushindana. Kahonzi aliitazama tairi pale magotini pa mtu asiyemjua. Angeweza kuinuka, amwambie Gitau airudishe, wavute polepole na kuomba Mungu. Tairi ingeonekana nzuri mpaka mwisho, na jina la Dena lingebaki safi mpaka mwisho. Lakini kujua nusu hakumpi usingizi mtu kama yule, na lisilo budi hutendwa.

"Kata nione," akasema.

"Nikikata haishonwi."

"Kata."

Gona akaukata ubavu. Kisu hakikuhitaji maji, kilipita kama kinakata boga lililoiva. Akashika nyuzi za ndani, zile zinazoifunga tairi isipasuke, akavuta kwa vidole viwili tu, zikaachana bila kelele. Kisha akakigeuza kisu, akakata sehemu ya juu, penye meno. Hapo kisu kikakwama. Akakichovya majini, akakikaza, akakichovya tena, na jasho likamtoka. Kipande kilipotoka kilikuwa cheusi tii, kimeshikana, hakina ufa hata mmoja.

"Kwa nini hapa ni pazima?" Kahonzi akauliza.

"Pana unene. Mafuta hayakufika ndani. Na barabara hapakuiona, hapajaisha hata kidogo."

Kahonzi aliona aibu, kisha huzuni, na huzuni ikaishinda aibu. Jumapili zote zile. Mgongo wa Dena ulikuwa ukimuuma miaka ya mwisho, naye bado alichuchumaa, kwa sababu mkewe alitaka kuvuka Kilifi na nyumba yake. Na kila alipopaka alikuwa akiiharibu ile safari.

"Mafuta taa ni mimi niliyemwambia," akasema mbele ya wote watatu. "Si yeye. Ni mimi."

Hakuna aliyemcheka. Gona alikigeuzageuza kile kipande mkononi, akapitisha kidole kwenye meno. "Aliyeipaka hii hakuwa mvivu," akasema.

Kahonzi akajifuta uso kwa upindo wa leso. Halafu akamgeukia Ochola. "Haya, baba. Lete zako."

Ochola alileta jozi mbili, zote za kipimo cha rimu ile ile. Jozi ya kwanza ilikuwa nzuri kama kiatu cha sikukuu, nyeusi, meno yamejaa. Ya pili ilitoka kwenye pikapu. Ilikuwa na matope makavu, meno yameliwa karibu nusu, na ubavuni ina mkwaruzo. Ochola aliisogeza mbele ile ya kwanza, akaiegesha ya pili nyuma yake, kama mtu anayemficha ndugu mlevi arusini.

Sasa ndipo Ochola alipojua amekubali nini.

"Gona," Kahonzi akasema, "nyumba yangu haina injini na haikimbii. Itataka tairi ngumu au laini?"

"Ngumu. Gari lina miguu minne ya kugawana mzigo, nyumba yako ina miwili. Na gari hupumzika likishushwa mzigo. Nyumba hulala na mzigo wake. Ubavu ukiwa laini itayumba, na ikiyumba italiyumbisha na lori."

"Ugumu hujulikanaje?"

"Kwa nyuzi. Zimeandikwa ubavuni ni tabaka ngapi. Kisha usukume kwa gumba. Ubavu mzuri ukiusukuma, nao unakusukuma."

Kahonzi hakusoma shule, lakini tarakimu alizijua. Aliinama akatafuta. Nzuri ilikuwa na nne. Ya matope alimwagia maji ya ndoo ya Gona, akasugua kwa kiganja, akaona nane. Akasukuma moja, akasukuma nyingine. Nzuri iliingia ndani kidogo ikakaa. Ya matope ilimrudisha kidole.

"Na weusi wa tairi, ni wake au huweza kupakwa?"

Gona akalitazama gogo lake. "Huweza kupakwa."

Kahonzi akalowesha kidole kwa mate, akasugua ile nzuri. Kidole kikatoka cheusi. Akakinusa. "Ochola, mwanangu, hii si rangi ya viatu?"

"Mama, hata bibi arusi hupakwa," Ochola akasema.

"Bibi arusi havuti nyumba." Gitau akaangua kicheko, na Ochola mwenyewe akacheka. Kahonzi hakucheka. Alikuwa amechutama mbele ya ile nzuri na anaikunja ubavu kwa gumba zake zote mbili, kama alivyoona. Ikafunguka. Mipasuko ilikuwa michache kuliko ya Dena, lakini ilikuwa ile ile. Uzuri wa mkakasi, akajisemea, na kilichobaki unakijua.

"Hizi umezitoa wapi?" akamuuliza Ochola.

"Kwa mama mmoja wa Kanamai. Gari lilikuwa la marehemu mumewe. Halikutumika, mama, limeegeshwa tu vizuri kivulini tangu..." Ochola aliitazama tairi ya Dena iliyokatwa, akamtazama Kahonzi, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapungua. "Tangu mwaka wa sabini na nane."

"Na hizi za matope?"

"Pikapu ya mkate. Ilitumbukia mtaroni mwaka jana, injini ikafa. Tairi zilikuwa na mwaka na kidogo." Akakuna shingo. "Sura ndiyo hawazipendi watu."

"Gona, meno yaliyoliwa nusu yatanifikisha Mambrui?"

"Ukifika utakaa miaka mingapi bila kusafiri?"

"Mpaka nife."

"Basi meno si kazi yako, mayo. Kazi yako ni ubavu."

Alizinunua zile za matope, kwa fedha ya mbuzi wake aliyekwisha kumuuza kwa ajili ya safari. Ochola aliivika moja kwenye rimu waliyoileta, na ya pili kwenye rimu yake watakayobadilishana kesho, akazijaza upepo, na akakataa kulipwa chochote kwa kuzivika. Alisema amesomeshwa bure siku hiyo, na mwalimu halipi karo.

Kabla hawajaondoka, Kahonzi alirudi kwa Gona. Tairi ya Dena ilikuwa imelala pale chini, ubavu umechanwa, meno yake marefu yanatazama juu na nywele zake bado.

"Swali la mwisho," akasema. "Pale pazima, hapafai kukatwa makatambuga?"

"Pale? Hapo ningekata viatu vinavyomzika mwenyewe, mjukuu wake akavirithi." Kisha akaona anavyomtazama, akaelewa.

Kahonzi akavua ndala zake zilizolika, akaweka mguu wa kulia juu ya meno ya tairi, kisha wa kushoto mbele yake. Gona akauzungushia kila mguu chaki. Wakakubaliana bila maneno mengi: kesho Gitau atafunga tairi mpya na kuileta ile ya pili ya Dena, Gona atabaki na mpira wote utakaosalia, na viatu vitakuwa ndiyo malipo ya Kahonzi.

Jumamosi saa nne waliondoka Kikambala. Mwenye kiwanja alikuja kuaga, akasaidia kusukuma. Kahonzi alikaa mbele na Gitau, makatambuga ya Gona miguuni, kikapu cha kuku pembeni, na hakuuliza swali hata moja mpaka Takaungu, ndipo akauliza ni wapi hasa ile nyumba ya watu iliburutwa. Gitau akamwonyesha. Kahonzi akatoa kichwa dirishani akatazama nyuma. Karavani ilikuwa inafuata, imesimama wima, haiyumbi.

Pale Mnarani walikuta maji yamekupwa, na feri imekaa chini sana. Kila abiria hushuka akavuka kwa miguu, ndiyo desturi, kwa hiyo Kahonzi alishuka. Lori likateremka, karavani ikafuata. Ilipofika pale chuma cha feri kinapokutana na saruji, gurudumu la kushoto lilipanda ukingo kabla ya lenzake, nyumba ikainama upande, sufuria zikaanguka ndani, na uzito wote ukaja juu ya tairi moja. Kahonzi aliona ubavu wake ukijikunja. Aliona mkwaruzo ule aliouona sokoni ukipanuka. Tairi ikabonyea, ikasukuma, ikainuka, na gurudumu la pili likapanda nyuma yake. Jamaa wa feri akapiga bati kwa kiganja kuashiria sogea mbele, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Upande wa Kilifi lori lilitoka kwanza, likanguruma mlimani. Pale mwisho wa saruji palikuwa na tope laini lililoachwa na maji, na kila kitu kilichopita kiliacha alama. Kahonzi akafuata nyuma kwa miguu. Tairi za pikapu ya mkate zilikuwa zimeacha mistari miwili mipana, laini, meno yake hafifu. Alipolimaliza lile tope aligeuka, na ndipo alipoziona nyayo zake mwenyewe. Katikati ya ile mistari miwili, kutoka kwenye saruji mpaka pale aliposimama, zilipita alama za meno marefu, makali, mapya, hatua kwa hatua, pamoja na vitone vya vinywele kandoni. Ndiyo meno aliyokuwa akiyaona kila Jumapili mbele ya magoti ya Dena.

Akasimama hapo. Watu wakampita, mwenye baiskeli akamwambia samahani mama, hakusikia.

Gitau alikuwa amesimamisha lori juu ya mlima, akarudi kumtafuta akidhani ameanguka. Alimkuta anatazama chini, uso umelowa.

"Mama, kuna nini?"

"Hakuna, mwanangu," Kahonzi akasema. "Marehemu mume wangu alisema atanivusha. Nilikuwa natazama amefika wapi."

Wakapanda lori. Walipofika Mambrui jioni, wifi yake alikuwa mlangoni anawangojea, na kitu cha kwanza alichouliza ni kwa nini mtu mwenye nyumba nzuri hivi amevaa viatu vizito namna ile. Kahonzi alifikiri kidogo.

"Labda," akamjibu, akaenda kufungua dirisha.